Kimya cha Mchana

Wifi yangu alikuwa na sauti. Naanza na hilo kwa sababu watu wakishakufa tunawasafisha mpaka wanakuwa malaika, na mimi sitaki wifi yangu asafishwe. Alikuwa na sauti ya kuudhi. Akimsalimia mtu mlangoni, waliokuwa uani wanaitikia. Akisimulia jambo la siri, unajikuta unafunga madirisha. Ndugu yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilimvuta pembeni nikamwuliza, "Huyu ana kitufe cha kupunguza sauti?" Tangu siku hiyo nikamwita Redio. Na yeye hakukubali kubaki nyuma, akaniita Jenereta, eti nanguruma kutwa nzima na taa haiwaki. Ndivyo tulivyoishi, mtu na wifi yake, kwa kuchokozana, na asiyetujua angedhani tunachukiana.

Vita vilipoingia mjini, ndugu yangu alikuwa safarini na lori lake. Barabara ikafungwa nyuma yake, akabaki huko, na mimi nikabaki huku na mkewe na tumbo lake. Lilikuwa tumbo kubwa, la kwanza, na mwenyewe alikuwa na hofu nalo ingawa aliifunika kwa maneno. Kutwa nzima alinieleza namna mtoto anavyopiga mateke. Nilikuwa namwambia, "Wifi, mateke ni yake, mbona kelele ni zako?"

Hospitali ilikuwepo, jengo lake bado limesimama, lakini ndani hamna mtu. Askari walikuwa wamekuja na magari wakamchukua daktari, wauguzi, dawa, hata magodoro, wakaenda navyo kambini kwao kutibu majeruhi wao. Mkunga mmoja tu ndiye aliyeponea, kwa kuwa siku hiyo alikuwa kwake anauguza jino. Hilo jino ndilo lililowasaidia wanawake wa mji mzima. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiye na maneno ya kubembeleza, nami nilimpenda mara moja.

Shemeji yake alikuwa seremala. Karakana yake ilitazamana na kizuizi cha barabarani, askari wakikaa hapo ng'ambo na bunduki zao, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyewaza kwamba kuna mkunga anajificha pale. Chini ya sakafu ya karakana kulikuwa na stoo ya kuwekea mbao ngumu. Mbao zikatolewa, zikaingia magodoro. Mlango wake ulikuwa ubao mpana sakafuni, umefunikwa maranda, na mtu akiwa hajui angeukanyaga mwaka mzima asijue.

Kazi yao ilikwenda hivi. Mwanamke akishikwa na uchungu, seremala anaanza kupigilia misumari. Mkunga akigonga dari kwa mpini wa ufagio, seremala anajua mtoto yuko njiani, anaongeza nguvu, na msumeno anauingiza, na wimbo juu yake. Chini huko mama analia anavyotaka. Mtoto naye analia anavyotaka. Kulikuwa na meza moja aliyokuwa akiipigilia na kuing'oa, akiipigilia na kuing'oa, mpaka uso wake ukawa na matundu kama chujio. Askari walimcheka. Walimwambia hajui kazi.

Tatizo lilikuwa mchana. Mkubwa wa askari alikuwa na desturi ya kulala baada ya chakula, na alikwisha toa amri kwamba akilala asisikie nyundo. Basi kila siku, kuanzia saa za chakula mpaka jua linapopoa, karakana ilinyamaza, barabara ikanyamaza, na stoo nayo ilibidi inyamaze. Wangesikia mtoto au mama analia, wangemfuata mkunga, wakamchukua kama walivyowachukua wenzake, na hao wanawake waliolala kwenye magodoro, na wengine waliokuwa njiani kuja, wasingekuwa na mtu.

Kwa hiyo mkunga hakumpokea mwanamke yeyote kabla ya kumfundisha kunyamaza. Unauma taulo. Unapumua kwa pua. Kisha anakubana ndani ya paja kwa vidole vyake vile vya chuma, anakusokota ngozi, anakutazama usoni. Ukitoa sauti, unarudi nyumbani ukajifunze.

Redio alibanwa. Akapiga ukelele ambao ulimfanya seremala, huko juu, ajipige nyundo kwenye kidole.

"Huyu asiingie," alisema mke wa mwalimu. Huyo alikuwa amelala kona ya pili, mimba yake ni ya miezi tisa, ametulia kama mtu anayesubiri benki. "Samahani dada, sina ubaya na wewe. Lakini huyu atatumaliza."

Nikamwambia, "Mama, huyu ni wifi yangu. Kumsema vibaya ni kazi yangu mimi, usininyang'anye."

"Mimi nasema la kweli."

"Anasema la kweli," mkunga akadakia. "Mpeleke nyumbani. Akiweza, mlete. Akishindwa, utamzalisha mwenyewe."

Njia nzima Redio hakusema neno, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona. Tulipofika akakaa kwenye kiti cha jikoni, akashika tumbo. "Wifi," akasema, "mimi nikiumia sauti inatoka yenyewe. Siiiti mimi." Machozi yakamtoka. "Nitazalia wapi?"

Sikuwa na maneno mazuri, sikuzaliwa nayo. Nikamwambia lete paja.

Basi tukawa tunafanya mazoezi. Anaosha vyombo, namnyemelea, namfinya. Anapiga kelele. Anakunja nguo, namfinya. Anapiga kelele, ananitupia shati. Mapaja yake yakajaa alama za bluu, na mtu angeniona angesema wifi mtu ananyanyaswa. Lakini alikuwa na moyo yule mwanamke. Kelele zikawa miguno, miguno ikawa pumzi. Siku moja nilimfinya mpaka mimi mwenyewe nikauma meno, naye akaendelea kuchambua mchele, akaniuliza, "Umeshaanza?" Tulicheka hadi tukakaa chini. Kesho yake nikampeleka, mkunga akambana, Redio akamtazama tu. Mke wa mwalimu akageukia ukutani.

Uchungu ulimshika asubuhi, na mwanzoni tulisema tuna bahati. Seremala alikuwa na nyundo mkononi, askari wanapiga soga, muda upo. Redio akapewa ruhusa ya kulia na akaitumia yote. Alimtukana ndugu yangu matusi ambayo nisingependa mama yetu ayasikie. Alilitukana lori lake, akaitukana na barabara. Kati ya uchungu mmoja na mwingine alikuwa anauliza kama nyundo inatosha, na mkunga anamjibu, "Inatosha, lia." Nilikuwa nimemshika mkono, na mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi.

Katikati ya hayo, mke wa mwalimu naye akashikwa. Nadhani ni hofu, au ni kusikia mwenzake. Mkunga akawa anatoka godoro moja kwenda jingine, katikati kuna pazia la shuka, na hakuna mwanamke mwingine wa kumsaidia ila mimi, ninayejua kuosha na kuchemsha maji, basi.

Kisha tukasikia sauti kutoka ng'ambo ya barabara. "Wee seremala! Mzee analala!"

Nyundo ikanyamaza.

Sijui kama nitaweza kueleza ukimya ule. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaanza kuonekana. Redio alikuwa amefungua mdomo, sauti iko kooni tayari inatoka, na nikamwona akiifunga. Aliuma taulo, macho yakamtoka, mishipa ya shingo ikasimama. Alisukuma hivyo hivyo. Sikusikia kitu ila meno yake kwenye kitambaa. Mimi, ambaye nilikuwa nimemfanyia utani kwa sauti yake miaka yote ile, nilijisikia vibaya, nikatamani apige ukelele mmoja tu, kwa ajili yangu.

Mtoto akatoka. Wa kike, na koo la mama yake. Akalia mara moja tu kabla mkunga hajamweka kwenye titi, lakini hiyo mara moja ilikuwa ya kweli kweli. Huko juu, seremala akafanya kilichomjia kichwani, akaangusha rundo zima la mbao.

Tukatulia, roho mkononi. Mtoto ananyonya. Mkunga akatoa kondo la nyuma, akalitazama, akampapasa Redio tumbo, akaitazama damu, akanong'ona, "Iko kawaida." Akaniambia, "Nenda juu ulete maji ya moto umwoshe wifi yako, huyu mwingine amekaribia." Akaingia upande wa pili wa pazia. Redio alinikonyeza. Nikapanda.

Nilikuwa ndio kwanza nimerudisha ule ubao na kusukumia maranda juu yake kwa mguu, askari akaingia.

"Nani anaangusha mbao mzee akiwa amelala?"

"Mimi, afande," seremala akasema. "Zimeniponyoka. Nisamehe."

Askari alikuwa kijana mwenye uso wa kawaida tu. Nasema hivyo kwa sababu wengi wananiuliza alikuwaje, wanataka niwaambie kwamba alikuwa na macho mekundu. Hapana. Alikuwa na uso wa kawaida, na chunusi. Alimkaripia seremala kidogo, kwa sauti ya chini, maana na yeye alikuwa anamwogopa mkubwa wake. Kisha akakiona kiti chake. Alikuwa amekiagiza, kiti cha mikono, cha kukalia pale kizuizini. Akakivuta katikati ya chumba, akakiweka juu ya maranda, juu ya ubao wetu, akakaa.

"Kinayumba," akasema.

"Nitakirekebisha jioni, afande."

"Kirekebishe sasa. Nina nafasi."

Seremala akapiga magoti, akatoa randa, akaanza kupunguza mguu mmoja wa kiti, polepole, asifanye kelele. Askari anainuka, anakaa, anajitikisa. Buti zake zinakwaruza sakafu. Kisha akanigeukia mimi niliyesimama na birika.

"Mama, hayo maji ya nini?"

"Ya chai, mwanangu."

"Basi nipe chai."

Nikampa chai. Maji ya kumwosha wifi yangu nikayatilia majani na sukari, nikampa. Aliipuliza. Akanywa kama mtu aliye kwake. Akaanza kutusimulia namna mkubwa wake anavyokoroma, eti siku moja walidhani ni gari la adui linakuja wakakimbilia mahandaki. Nikacheka. Ukiwa mbele ya mtu mwenye bunduki, utani wake huwa mzuri. Seremala naye alicheka, kichwa kiko chini ya kiti.

Na wakati wote huo masikio yangu yalikuwa chini ya sakafu. Sikusikia hata pumzi. Wanawake wawili, mmoja amejifungua sasa hivi, mwingine anasukuma, na mtoto mchanga, na hakuna hata mguno. Nilijisikia fahari. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote. Nilisimama pale na birika mkononi, na moyoni nasema, wifi yangu ameweza. Nilikuwa nimeshaanza kupanga namna nitakavyomtania.

Akaomba kikombe cha pili.

Mwishowe kiti kikatulia. Akakishika, akakijaribu tena, akakibeba begani, akatuaga vizuri. Seremala alisubiri mpaka alipovuka barabara ndipo akaniinulia ubao.

Chini, mkunga alikuwa amepiga magoti mbele ya mke wa mwalimu, mkono mmoja kwenye kazi, mwingine umemziba mdomo. Hakunitazama. Nikafunua pazia kwenda kwa Redio. Alikuwa amelala vile vile nilivyomwacha, mtoto yuko kwenye titi, amemshika kichwa vizuri. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Nikagusa godoro, mkono ukazama kwenye unyevu.

Nikamvuta mkunga bila kusema. Akaja, akafunua shuka, akaingiza mikono, akaanza kumkanda tumbo kwa nguvu zake zote. Sindano ya kuzuia damu hakuwa nayo, ilikuwa kambini pamoja na daktari. Alikanda, akaminya, akajaza vitambaa, akaniambia ninyanyue miguu, nikanyanyua. Damu ilikuwa inakuja tu, bila haraka, kama vile ina ruhusa.

"Mbona hukuita?" mkunga akamwuliza. Alikuwa analia, mwanamke yule mkavu. "Mbona hukuniita, mwanangu?"

Redio akainua kidole, akaonyesha dari. "Nilikuita," akasema. Ilibidi niinamishe sikio. "Nilikuita polepole. Hukusikia. Na ningepaza..." Akapumzika. "Alikuwa hapa juu yangu. Namwona miguu kwenye nyufa."

Mkunga alikuwa hatua chache tu kutoka pale, nyuma ya shuka. Sauti yake ya kawaida, ile tu ya kuombea chumvi mezani, ingetosha.

Nikamshika uso. Nikamwambia wifi usilale, nitukane, niite Jenereta. Macho yake yalikuwa yananitafuta. "Mlinisikia huko juu?" akauliza.

"Hatukusikia kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, wifi."

Akatabasamu. Alifurahi yule mwanamke, niamini mimi, alifurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kisha mkono uliokuwa umemshika mtoto ukalegea, nikamdaka mtoto.

Wifi yangu alikufa huku mkubwa wa askari bado amelala. Mtoto alipokosa titi akakunja uso kutaka kulia, na mimi sina cha kumpa, nikamtia kidole changu kinywani, nikakaa hivyo, nimemtazama wifi yangu, siwezi hata kusema jina lake kwa sauti. Watu wakifiwa wanajitupa chini. Mimi nilikaa nikanyonyesha kidole.

Jua likapoa. Ng'ambo wakaanza kucheka na kupiga redio zao, na seremala akachukua nyundo. Mke wa mwalimu akajifungua mtoto wa kiume, akalia, na mtoto akalia, na mimi nikalia pamoja nao, sasa ikiwa halali. Mkunga alipanda akamwambia seremala kilichotokea. Yule bwana aliendelea kupigilia meza ile, mtoto wa kiume alikwisha zaliwa, alikwisha oshwa, alikwisha lala, na yeye bado anapiga, ili mimi nipate muda wa kulia. Aliacha mikono ilipomtoka damu.

Mke wa mwalimu alijivuta kwenye ukuta akakaa. "Niletee huyo binti," akaniambia. Nikampa. Akawaweka wawili, mmoja huku, mmoja huku. Hakuomba msamaha, wala mimi sikuutaka. Alimnyonyesha mpaka barabara ilipofunguliwa.

Ndugu yangu alirudi kwa miguu, lori alikwisha nyang'anywa. Habari alikwisha zipata njiani, kwa mtu asiyejua kuzisema. Akakaa kwenye kiti cha jikoni. Nilimpa mtoto, akamshika kama mtu aliyeshikishwa kitu cha wenyewe, akimwogopa.

"Dada," akasema. "Alilia sana?"

"Nani?"

"Mama yake. Wakati ule wa mwisho. Alipiga kelele sana?"

Nikamwambia ukweli, maana sikuona uongo gani ungefaa. "Hakutoa sauti, mdogo wangu. Hata kidogo."

Akainua uso. "Yule? Aliyekuwa akichomwa sindano kliniki nzima inatoka nje?"

"Hakutoa sauti."

Nikaona mabega yake yakishuka. Nikaona uso wake, uliokuwa umekazana tangu mlangoni, ukilegea, na akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu aingie. "Basi hakuumia," akasema. "Kama hakulia, basi hakuumia. Mimi namjua mke wangu."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na taulo lile lenye alama za meno, na ule unyevu wa godoro, na zile buti. Akanitazama akingoja.

"Hakuumia, mdogo wangu," nikamwambia.

Sasa anamwambia kila mtu. Wakija kutoa pole anawaambia alikwenda vizuri, kimya kimya, hakuumia. Jioni anamweka binti yake mapajani anamwambia na yeye, mama yako hakuumia. Mimi niko hapo hapo chumbani, nakunja nguo.